Kwa Nini Hakwenda Polisi?

Kuna swali moja limenichosha. Kila inapotajwa Detour, sinema ya mwaka 1945 iliyoongozwa na Edgar G. Ulmer, hazipiti dakika tano kabla mtu hajauliza: "Sasa huyu jamaa kwa nini hakwenda polisi?" Akishauliza anaegemea kiti na kutabasamu, kama wakili aliyemaliza kazi. Kwake kesi imekwisha. Asiye na hatia hakimbii. Stelingi amekimbia, kwa hiyo ama ni muuaji ama ni bwege, na sinema nzima imejengwa juu ya mchanga.

Leo nataka kubishana na watu wa swali hilo. Wengi wao ni wasomaji wazuri, watu wa vitabu na sinema, na ndiyo maana nakasirika. Mtu asiyejali ningemwacha apite.

Kwa ambaye hajaiona, habari yenyewe ni hii. Al Roberts anapiga piano katika klabu ya usiku New York. Mpenzi wake Sue, mwimbaji wa klabu hiyo hiyo, anakwenda Hollywood kutafuta bahati na anaishia kubeba sahani za wateja. Al anataka kumfuata, nauli hana. Anaamua kuivuka Marekani kwa kuomba lifti. Akiwa Arizona anapakiwa na Charles Haskell, mtu wa kamari mwenye gari la wazi na bunda la noti, anayemeza vidonge njiani. Usiku Al ndiye anayeshika usukani. Mvua inaanza, anajaribu kumwamsha mwenye gari ili wafunge paa, haamki. Anafungua mlango wa upande wake, Haskell anaporomoka na kichwa kinapiga jiwe. Amekufa. Pengine alishakufa zamani kitini pale, hatujui.

Al anaificha maiti, anavaa nguo za marehemu, anachukua pesa, vitambulisho na gari. Kesho yake anampakia dada mmoja aliyesimama barabarani, anaitwa Vera. Baada ya muda mfupi Vera anamgeukia ghafla na kumuuliza mwili wa mwenye gari ameuacha wapi. Kumbe naye alishapanda gari hilo hilo na Haskell. Kuanzia hapo amemshika Al pabaya. Wanafika Los Angeles, wanapanga kama mke na mume, wanagombana, wanakunywa. Usiku mmoja Vera anachukua simu kwa vitisho vya kuwapigia polisi, anajifungia chumbani, anajitupa kitandani na waya umemzunguka shingoni. Al yuko upande wa pili wa mlango anauvuta waya akitaka kuukata. Mlango unapofunguka, Vera naye ni maiti. Al anatoroka tena. Dakika 68, basi.

Jina la sinema, kwa lugha ya barabarani, maana yake ni mchepuko. Nasema wa barabara, msinielewe vibaya.

Sasa turudi kwa mahakimu wetu. Wako wa aina mbili.

Wa kwanza ni wale wanaosema Al anatudanganya. Kila tunachokiona tunakipata kwa sauti yake, ameketi mgahawani Nevada na kikombe chake cha kahawa, anakumbuka. Hakuna shahidi mwingine. Maiti mbili, ajali mbili, na zote mbili zinamwachia mtu mmoja aliye hai wa kutueleza. Hoja hii si ya kijinga. Mchambuzi Andrew Britton aliijenga kwa makini, na Roger Ebert aliitaja mwaka 1998 alipoiweka Detour katika orodha yake ya sinema kubwa. Nakubali kwamba Al ni mlalamishi. Nakubali kwamba anajihurumia mpaka anachosha, kwamba mapenzi yake kwa Sue anayasimulia matamu kuliko tunavyoyaona, na kwamba anazisema vibaya sana pesa ambazo mkono wake umezichukua upesi sana. Mtu akiniambia msimulizi huyu anapaka rangi mambo, namwambia ndiyo, anapaka.

Lakini angalia hoja hiyo imegeuka nini ilipofika kwa watazamaji wa kawaida. Kwa Britton ilikuwa njia ya kusikiliza sauti ya msimulizi. Kwa hawa wa kwetu imekuwa hukumu: alimuua Haskell kwa ajili ya pesa, akamnyonga Vera kwa kusudi, mengine ni porojo. Ushahidi uko wapi? Ukiwabana sana wanarudi kule kule: angekuwa hana kosa, angekwenda polisi. Wengine wanafika mbali zaidi, wanamleta mwigizaji mwenyewe kizimbani. Tom Neal, aliyeigiza kama Al, mwaka 1965 alitiwa hatiani kwa kumuua mkewe bila kukusudia. "Unaona?" wanasema. Naona nini? Sinema ilitoka miaka 20 kabla ya kesi hiyo. Kumhukumu mhusika wa mwaka 1945 kwa kosa la mwigizaji wa mwaka 1965 ni ramli, na ramli haina nafasi katika uhakiki.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba watu hawa wanadhani wamemshtukia Al, wakati Al ndiye aliyewashtukia wao. Haskell akiwa bado hajapoa pale chini, sauti ya Al inaacha kusimulia na kutugeukia sisi. Anasema anajua tutakachomwambia kabla hatujafungua midomo: kwamba hatuiamini hadithi yake, na kwamba tutamtazama kwa nyuso zile za watu wanaojiona wanajua. Mwandishi Martin M. Goldsmith, aliyeandika riwaya hii mwaka 1939 kisha akaiandikia sinema mwenyewe, alishamweka mtazamaji ndani ya hadithi kama askari wa zamu. Anayesema "simwamini huyu" hajagundua siri yoyote. Anasoma maneno aliyoandikiwa.

Sasa hebu tulijibu swali kwa dhati. Kwa nini hakwenda polisi?

Tuanze na alikokuwa. Mwaka 1936, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, mkuu wa polisi wa Los Angeles, James E. Davis, alituma askari wake 136 kwenye mipaka ya jimbo la California. Si mipaka ya nchi, mipaka ya jimbo, ndani ya Marekani ile ile. Kazi yao ilikuwa kusimamisha watu waliokuja kwa treni za mizigo, kwa miguu na kwa lifti, na kumrudisha kila ambaye hakuweza kuonyesha kwamba ana pesa au kazi. Raia wa Marekani waliambiwa na askari wa jiji moja kwamba jimbo zima haliwataki kwa sababu mifuko yao mitupu. Zoezi lilidumu wiki kadhaa, likaacha kumbukumbu ndefu.

Kisha kulikuwa na sheria yenyewe. California ilikuwa na kifungu kilichofanya kuwa kosa kumleta jimboni mtu unayejua kwamba ni fukara. Bwana mmoja aitwaye Edwards alikwenda Texas kumchukua shemeji yake, Duncan, kwa gari. Duncan aliondoka na kama dola 20, na walipofika California zilikuwa zimekwisha. Edwards akashtakiwa na kutiwa hatiani. Kumpa ndugu yako lifti ilikuwa jinai, kwa kuwa ndugu hana kitu. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria hiyo Novemba 1941. Riwaya ya Goldsmith ilitoka mwaka 1939, katikati kabisa ya mambo hayo. Kwa hiyo Al Roberts, anayetembea kuelekea California bila senti, si mhusika aliyebuniwa hewani. Kabla hajaigusa maiti yoyote, kabla hajachukua noti hata moja, safari yake yenyewe ilikuwa nusu ya kosa.

Ongeza sheria za uzururaji. Karibu kila jimbo la Marekani lilikuwa nazo: mtu anayezunguka bila kazi na bila njia ya kuishi inayoonekana anaweza kukamatwa, na atakayeamua nini kinaonekana ni askari. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1865, majimbo ya kusini yalizitumia kuwakamata watu weusi waliotoka utumwani na kuwarudisha mashambani kama wafungwa. Zilikaa kwenye vitabu miongo na miongo. Ile ya mji wa Jacksonville, Florida, ilianguka mwaka 1972 tu. Al ni mzungu, na tuseme wazi kwamba mweusi katika viatu vyake asingefika hata hiyo Arizona kwa lifti. Hata hivyo alikuwa mtu ambaye sheria ilishampa jina kabla hajafika kituoni, na jina hilo ni mzururaji.

Sasa mweke mtu huyo barabarani usiku, mvua inanyesha, na maiti yenye jeraha la kichwa. Maiti ni ya mwenye pesa. Aliye hai hana pesa. Gari ni la maiti. Hakuna aliyeona. Nenda kituoni, sema: "Afande, alianguka mwenyewe." Wakati huo hapakuwa na askari aliyelazimika kumwambia mtuhumiwa kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili anapohojiwa. Ulinzi huo ulikuja mwaka 1966 katika kesi ya Miranda, na jimbo lililoshtakiwa katika kesi hiyo ni Arizona yenyewe, ambako Haskell anaanguka kutoka garini. Al alikuwa amewahi kwa miaka 21.

Ndiyo maana nasema swali la "kwa nini hakwenda polisi" linamfunua anayeuliza kuliko linavyomfunua Al. Ni swali la mtu ambaye polisi kwake ni mahali pa kupeleka taarifa. Mtu wa namna hiyo ana kitambulisho, ana namba ya wakili au ya shemeji mkubwa wizarani, na ana uso ambao afande akiuona anasema "karibu mzee, kaa hapo." Si kosa kuwa na uso huo. Kosa ni kudhani kila mtu amezaliwa nao, kisha kumwita mwongo asiye nao.

Na sisi tunaosoma Kiswahili hatuna kisingizio cha kutolielewa jambo hili. Sheria zile za Marekani na za kwetu ni watoto wa mama mmoja, sheria za Kiingereza dhidi ya maskini wanaotembea. Waingereza walitunga ya kwao ya uzururaji mwaka 1824, kisha wakaisambaza kwenye makoloni. Tanzania iliirithi. Fungua Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, umkute mzembe na mzururaji wamekaa kwenye kurasa zao. Mwaka 1983 serikali ilikuja na Nguvu Kazi, na watu wa mijini wasio na kitambulisho cha kazi wakasombwa kwenye magari kurudishwa vijijini. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kuelezwa maana ya kukimbia wakati hujafanya kosa. Ulikimbia kwanza, ukajieleza baadaye, ukipata wa kumweleza.

Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake. Sijui kama majaji wale wameiona Detour. Lakini wameeleza vizuri kuliko wachambuzi wengi kile ambacho Al anakihofia: kuadhibiwa kwa hali yake.

Halafu lugha yenyewe inatushuhudia. Kiswahili cha mitaani kina neno zima kwa ajili ya jambo hili: kubambikiwa kesi. Neno halizaliwi bure. Kina "kuisaidia polisi", ambayo kila msikilizaji wa taarifa ya habari anajua maana yake ni kwamba mtu yuko ndani. Mtu anayezungumza lugha hiyo, aliyelelewa kwenye mitaa ambako mtu akipigiwa kelele za mwizi anakimbia hata kama hakuiba, kwa sababu waliobaki kujieleza tunajua yaliyowapata, mtu huyo anakaa mbele ya Detour na kuuliza kwa nini hakwenda polisi! Jamani. Tumeangalia sinema za wazungu mpaka tunatazama kwa macho ya mpelelezi.

Niliwahi kuiangalia na kundi dogo la watu, na mmoja wao alikuwa kijana dereva wa bodaboda aliyekuja na rafiki yake. Wasomi walipomaliza kubishana kama Al ni mwongo, kijana akauliza swali moja tu: "Kwa nini alisimama kumpa lifti yule dada?" Nikatamani kumpigia makofi. Hakuuliza kwa nini alikimbia, hilo alilielewa. Aliuliza kwa nini mtu aliye mbioni anaongeza abiria.

Hilo ndilo swali la maana. Jibu langu ni kwamba Al alisimama kwa sababu jana yake yeye ndiye aliyekuwa amesimama kwenye vumbi hilo na kidole gumba hewani. Amekaa kwenye kiti cha Haskell, amevaa suti ya Haskell, lakini moyo bado ni wa mwomba lifti. Ndilo tendo lake jema katika sinema nzima, na ndilo linalommaliza. Mwongo stadi, muuaji wa pesa anayesemwa na mahakimu wetu, angekanyaga mafuta na kupita.

Na Vera je? Huyu naye anahukumiwa vibaya. Nimesikia anaitwa mwanamke mwenye roho mbaya kuliko wote waliowahi kupita kwenye pazia la sinema, na watu wanasema hivyo kwa raha, kama wanasifia pilipili. Ni kweli Ann Savage anaigiza kwa ukali wa kutisha. Anaongea kama anakata kwa wembe. Lakini sikiliza sinema inasema nini juu yake. Haskell alikuwa na mikwaruzo mirefu mkononi, na alimwambia Al, kwa kujisifu kidogo, kwamba imetoka kwa mwanamke aliyempakia njiani. Mwanamke huyo ndiye Vera. Alipanda gari kwa sababu hakuwa na nauli, mwenye gari akataka malipo ya aina nyingine, akajitetea kwa kucha. Anakohoa kifua kibovu, na anaongea kama mtu anayejua hana muda. Yeye naye ni mwomba lifti. Yeye naye hakwenda polisi kumshtaki Haskell, na sijawahi kusikia mtazamaji akiuliza kwa nini. Jibu la hilo kila mtu analo mfukoni: nani angemsikiliza mwanamke wa barabarani? Sasa kama jibu hilo mnalo kwa Vera, kwa Al limepotelea wapi?

Sinema inawafungia maskini wawili chumba kimoja na kuonyesha jinsi wanavyotafunana. Kila mmoja anamtishia mwenzake kwa polisi. Silaha ya Vera tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: nitakuripoti. Angalia hilo. Katika hadithi hii polisi hawapo karibu kabisa, na bado ndio wanaotawala kila mazungumzo. Hofu yao inatosha.

Nimesema mahakimu wako wa aina mbili. Wa pili ni wale wanaocheka sinema yenyewe. Eti imetengenezwa kwa bei ya njugu, mandhari ya nyuma ya gari inatikisika, mitaa ya New York ni ukungu mtupu na kibao cha jina la mtaa. Sehemu fulani picha zimegeuzwa, magari yanapita upande usiokuwa wa Marekani na Al anapanda upande wa kushoto kama abiria wa Uingereza. Hili la mwisho, kwa taarifa yao, watazamaji wengi wa kwetu hawalioni kabisa, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto na kwetu ndivyo gari linavyopandwa.

Ndiyo, ilikuwa sinema ya kimaskini. Ilitengenezwa na PRC, mojawapo ya kampuni ndogo za Hollywood zilizobandikwa jina la Poverty Row, tuseme Mtaa wa Makabwela. Ulmer mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliipiga kwa siku sita. Waliochunguza rekodi baadaye wamekuta siku zilikuwa zaidi ya hizo, ila hata wao hawasemi kulikuwa na utajiri. Na Ulmer hakufika pale kwa kukosa kipaji. Alizaliwa mwaka 1904 katika himaya ya Austria na Hungaria, akafanya kazi na Murnau, na mwaka 1934 akaongoza The Black Cat kwa kampuni ya Universal, ikapata watazamaji wengi. Kisha akapendana na Shirley, aliyekuwa mke wa mpwa wa Carl Laemmle, mwenye Universal. Milango ya kampuni kubwa ikafungwa. Aliyebaki barabarani akiomba lifti za makampuni madogo kwa miaka iliyofuata alikuwa yeye. Basi mnashangaa nini akielewa habari za mtu ambaye kosa dogo limemtoa kwenye barabara kuu asirudi tena?

Ukungu ule wanaoucheka ni jibu la mtu asiye na pesa za kujenga mtaa. Na bado Al na Sue wanapotembea ndani yake usiku ule kabla ya kuachana, hawaoni hatua tatu mbele, na hatuwaonei chochote kinachowazunguka. Mtaa wa gharama ungetuonyesha maduka. Huu unatuonyesha watu wawili wasiojua waendako.

Kuna na wale wapole, wanaosema: "Kwa bajeti ile, wamejitahidi." Hawa nawaogopa zaidi. Wanadhani wanaitetea sinema, kumbe wanaipa sadaka. Tunawasikia pia kwenye mazungumzo ya filamu za kwetu, Bongo Movie na nyinginezo: hadithi ikiwa mbovu, bajeti, ikiwa nzuri, imekuwa nzuri "kwa bajeti ile". Hivyo kazi ya maskini haipimwi kamwe kama kazi. Ikishindwa imeshindwa, ikifaulu imejitahidi. Detour haihitaji huruma hiyo. Mwaka 1992 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa kupitia Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2018 ikatoka nakala iliyosafishwa upya, baada ya miaka mingi ya kuzunguka katika nakala mbovu zilizokwaruzika. Itazame hiyo. Utaona kwamba mengi yaliyoitwa ubovu wa sinema yalikuwa ubovu wa nakala.

Sasa naomba muone mahakimu wa aina mbili wanavyokutana. Mmoja anaangalia mifuko mitupu ya Al na kusema: mwongo. Mwingine anaangalia mifuko mitupu ya Ulmer na kusema: kichekesho. Wote wawili wamefanya umaskini kuwa ushahidi. Mfuko mtupu hauthibitishi kwamba mtu aliua, wala kwamba mtu hajui kazi.

Mtaniambia: basi unataka tumwamini Al kwa kila neno? Hapana. Aliiba. Alivaa nguo za maiti, na mkono wake ulikuwa kwenye waya wa simu, kwa kusudi au bila kusudi. Mahakama ya haki ingekuwa na mengi ya kumuuliza. Ninachotaka ni kidogo: mtazamaji atenganishe maswali mawili. Je, Al alifanya makosa? Ndiyo, mengi. Je, hofu yake ilikuwa ya kweli? Ndiyo, na ilitangulia makosa hayo. Ukiyachanganya hayo mawili, ukafanya hofu kuwa ushahidi wa kosa, basi umeshaandika hati ya mashtaka ya kila mtu ambaye amewahi kubadilisha njia baada ya kuona difenda mbele.

Na kwa wale ambao bado wanataka aende polisi, sinema iliwasikia. Kanuni za maadili zilizotawala Hollywood miaka ile hazikuruhusu mtu mwenye damu mikononi abaki huru mwisho wa hadithi. Basi Al anatoka mgahawani, anatembea kando ya barabara usiku, akiwaza kwamba siku moja gari litasimama kumchukua bila yeye kuomba lifti. Gari linasimama. Ni la polisi. Hapingi, haelezi chochote, anaingia, mlango unafungwa. Watazamaji wanapata walichokidai kwa dakika 68.

Haya, amefika. Nani kati yenu atakwenda kumwekea dhamana?